Corolla: Gari lililopata jina kwa mnunuzi wa pili

Katika yadi za magari yaliyotumika, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mnunuzi wa Toyota Corolla huwa na maswali matatu. Spea zake zinapatikana? Linakula mafuta kiasi gani? Nikikwama, nitaliuza upesi? Mambo ya mbio, muziki na umbo la taa huja baadaye, kama yakija.

Kwa hesabu za kiwandani, hakuna jina la gari lililouzwa zaidi duniani kuliko hili. Mwaka 1997 Corolla iliipita Volkswagen Beetle, na mwaka 2021 mauzo yake yalivuka magari milioni 50. Lakini hesabu hizo zinamtambua mnunuzi wa kwanza peke yake, na Afrika Mashariki mnunuzi wa kwanza ni nadra kumwona. Wengi wetu ni wa pili, wa tatu, hata wa tano. Historia ya Corolla huku kwetu ni yao, pamoja na mafundi wao.

Funzo la gari tupu

Toyota haikuipata Corolla kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1961 ilitoa Publica, gari dogo la injini ya cc 697 lililokusudiwa kuwa la kila familia ya Kijapani. Bei ilikuwa nafuu, ila gari lenyewe lilikuwa tupu, halina pambo wala starehe. Watu hawakulichangamkia. Aliyedunduliza fedha kwa miaka ili anunue gari lake la kwanza hakutaka majirani wamwone amenunua cha bei ya chini.

Mhandisi wa Toyota, Tatsuo Hasegawa, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa msanifu wa ndege za kivita, alilishika funzo hilo. Kwa maoni yake, gari la umma lilipaswa kupata alama 80 kati ya 100 katika kila somo: mwendo, starehe, uimara na bei. Kisha lilihitaji kuzidi hapo katika mambo machache ambayo mteja angeyaona kwa macho yake mwenyewe.

Ndivyo Corolla ilivyotoka Novemba 1966, ikiwa na injini ya cc 1,077 na mkono wa gia uliosimama sakafuni, wakati magari mengi ya Japani bado yaliuweka kwenye usukani. Nissan ilikuwa imetangulia kwa miezi kadhaa na Sunny yenye injini ya cc 1,000. Toyota ikakuza injini yake dakika za mwisho, halafu ikajigamba kwenye matangazo kwa zile cc 100 za ziada. Kiwanda kipya cha Takaoka kilijengwa maalumu kwa ajili ya gari hilo.

Kupita mlango uliofunguliwa na wengine

Kwa dereva wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960, gari la kuaminika lilikuwa la Ulaya. Mashindano ya magari ya Safari yalikuwa tangazo tosha: Beetle ilitamba katika mbio za kwanza mwaka 1953, na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967. Wajapani walipenya humohumo. Mwaka 1970 Edgar Herrmann aliibuka mshindi akiwa na Datsun 1600 SSS, na mwaka 1974 Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Colt Lancer. Sedani hizo ndogo ziliwaonyesha watu kwamba chuma cha Japani kinahimili vumbi na matope. Corolla haikuwa shujaa wa mbio hizo. Ilivuna imani iliyopandwa na wenzake.

Hata hivyo, imani haikutosha kuliingiza gari nchini. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 haikuwa na fedha za kigeni, na mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na ukafunguka zaidi Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata. Kenya, iliyokuwa ikiunganisha magari yake Nairobi, Thika na Mombasa, iliondoa leseni za kuagiza bidhaa mwaka 1993. Soko la gari jipya la kuunganishwa nchini halikurudi tena kama zamani.

Chanzo cha wimbi la magari yaliyotumika lililofuata kilikuwa sheria za Japani kwenyewe. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni ghali. Likizidi miaka 13, kodi yake hupanda. Mwenye gari huona afadhali aliuze mnadani likiwa bado zima. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, usukani tayari uko tunakoutaka. Wafanyabiashara walianza kuyafuata magari hayo, wengine wakiyapata Dubai, wengine wakiagiza moja kwa moja kutoka Japani.

Mia, mia na kumi, NZE

Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka DX, Corolla ya toleo la 1979 iliyoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Baada yake, jina la Corolla lenyewe likaanza kusahaulika midomoni na nafasi yake ikachukuliwa na namba za chesi. Waganda waliiita AE100 Kikumi, yaani mia kwa Kiganda. Tanzania ikawa na mia na kumi. Nairobi toleo la mwaka 2000 likajulikana kwa herufi tatu tu: NZE.

Namba hizo zina kazi. Fundi akimtuma kijana Gerezani, pembeni ya Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au soko la Kisekka, Kampala, muuzaji hamwulizi ni gari la mwaka gani. "Chesi gani?" "Mia na kumi." "Injini?" "Faivu A." Hapo kifaa kinashushwa kutoka rafu, au kijana mwingine anakimbia kukichukua duka la tatu. Jibu likikosewa, kifaa hakikai. Ndiyo maana wenye magari husoma kile kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti kabla ya kutoka nyumbani.

Kati ya mia na mia na kumi kuna ubishi usiokwisha vijiweni. Mia ilitoka mwaka 1991, ikiwa imebuniwa wakati Japani imejaa fedha, na inaonekana: milango inafunga kwa uzito, viti vina nyama. Mia na kumi ilikuja mwaka 1995, uchumi wa Japani ukiwa umeporomoka na kiwanda kikibana matumizi. Ni nyepesi zaidi, na mwenye kuzoea mia huitambua kwa kugonga tu mlango. Mwenye mia na kumi naye hujibu kwa risiti za mafuta.

Maisha nalo

Ubora wa gari hujulikana siku linapoharibika. Katika injini nyingi, mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni hupanda na kugonga valvu, na mwenye gari hujikuta akitafuta injini nyingine. Injini za 4A-FE na 5A-FE, zilizofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, ziliachiwa nafasi. Mkanda ukikatika gari huzima tu. Fundi huja na mkanda mpya, hulinganisha alama kwenye puli, hufunga, hupiga stata. Kwa mtu aliyekwama njiani kati ya Singida na Nzega, jambo hilo lina thamani zaidi kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha mauzo. NZE yenye injini ya 1NZ-FE ilibadilisha mkanda kwa cheni na kuongeza mfumo wa VVT-i, nayo ikaja na sharti lake: haivumilii oili chafu. Wamiliki waliozoea kupitisha muda wa sevisi walilijua hilo kwa gharama.

Tatizo kubwa zaidi ni tumbo la gari. Corolla ilijengwa kwa lami ya Japani, na kwetu hukutana na matuta na barabara za mtaani zilizochimbwa na mvua. Hivyo ikawa desturi kufunga spesa juu ya springi ili gari linyanyuke kidogo. Likinyanyuka halikwaruzi tuta, lakini pembe za ekseli hubadilika na buti za mpira huchanika mapema. Bushi, bol jointi na shokapu zikawa matumizi ya kawaida, sawa na mafuta.

Kulikuwa na usumbufu mdogomdogo ambao aliyenunua gari jipya hakuujua. Redio ya Japani ilishika masafa ya megahezi 76 hadi 90 tu, kwa hiyo vituo vingi vya FM vya kwetu havikusikika mpaka fundi redio afunge konveta. Magari ya miaka ya 2000 yalikuja na kifaa cha kulipia barabara za huko, na kila asubuhi sauti ya mwanamke ilimkumbusha dereva kwa Kijapani kwamba kadi haijawekwa. Wengine waliichomoa waya, wengine waliizoea. Vioo vya pembeni vilihitaji kuchongwa namba ya gari, maana umaarufu wa Corolla ulimaanisha pia kwamba kifaa chake cha wizi hakikosi mnunuzi.

Umaarufu huo ulileta na spea bandia. Plagi, vichungi na bol jointi zilianza kuuzwa ndani ya maboksi yanayofanana kabisa na ya Toyota. Wamiliki wengi walifikia uamuzi ambao mgeni angeushangaa: afadhali kifaa kilichotumika Japani kuliko kipya kisichojulikana kimetoka wapi. Na katika mikoa kadhaa ya Tanzania Corolla ziliingia kazi ya mchomoko, kubeba abiria kati ya mji na mji, wawili kiti cha mbele na wanne au watano nyuma. Kazi hiyo ililisha familia nyingi, ila gari la watu watano lililobeba wanane halina breki za watu wanane.

Nafasi inapopungua

Leo sedani si mfalme tena. Teksi za mtandao zilipoingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, madereva walikimbilia Toyota nyingine, IST, Vitz na Passo, ambazo ni fupi na rahisi kuegesha. Probox ikachukua mizigo. Sheria nazo zimebana: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Mia na kumi zilizobaki barabarani hazipati tena wadogo zao kutoka bandarini.

Anayeagiza Corolla sasa huletewa Axio, jina ambalo sedani hiyo ilipewa Japani mwaka 2006, na toleo la haibridi lililoanza mwaka 2013 tayari linaonekana mitaani. Linakula mafuta kidogo kuliko Corolla yoyote iliyotangulia. Lakini maswali matatu ya yadini hayajabadilika, na la kwanza ndilo gumu. Betri ya haibridi imeundwa kwa moduli nyingi, na moja ikifa si lazima kutupa zote. Mafundi wachache wa mijini wameshaanza kuzifungua, kuzipima moja moja na kubadilisha iliyochoka. Kazi hiyo ikifika Nzega na Singida, kwa bei inayobebeka, wanunuzi wa tatu na wa nne wataifuata. Mpaka wakati huo, mwenye mia na kumi iliyotunzwa ana sababu ya kutopunguza bei.