Mahuang: Mmea wa Kichina Ndani ya Kidonge cha Zahanati

Hapa Kawajense kiangazi kikikolea, vumbi la barabarani na moshi wa kuni, bila kusahau ule wa mabani ya tumbaku huko vijijini, mwenye pumu anaonja joto ya jiwe. Kifua kinapiga mluzi. Washauri nao hawakosekani: huyu anasema hospitali, yule anasema dawa ya Kichina, utadhani ni njia mbili zisizojuana. La hasha! Zilikwisha kukutana zamani.

Huko Uchina upo mmea uitwao mahuang, umekaa kama fagio la vijiti vya kijani. Waganga wa kule wameuchemsha kwa ajili ya kikohozi na kubanwa kifua kwa miaka ipatayo 2,000. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi alitenga kiini chake, efedrini, lakini kwa upande wa pumu hakikuvuma sana. Ndipo mwaka 1924, mjini Beijing, kijana K. K. Chen na mwenzake Mmarekani, Carl Schmidt, wakatangaza walichokiona kwa mbwa wa maabara: kiini kile kinafanya kazi kama adrenalini, ila kinamezeka na nguvu yake inadumu. Misuli inayobana njia za hewa inalegea, mtu anapumua. Basi vidonge vikaenea duniani, vikafika hadi zahanati za Afrika Mashariki. Watu wakaviita dawa ya Kizungu! Na hapo madaktari wa Kichina wenyewe walikuwa hawajaja; walifika Zanzibar mwaka 1964, na bara mwaka 1968.

Lakini efedrini haichagui. Inafungua kifua na papo hapo inaukimbiza moyo, inapandisha presha, usingizi unapaa. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004, baada ya watu kufa. Tena haitibu ule uvimbe wa ndani ya njia za hewa, ambao ndio pumu yenyewe. Salbutamoli, iliyotoka Uingereza mwaka 1969, inalenga mapafu zaidi, na kwa uvimbe ipo pampu nyingine ya kuvuta kila siku, hata siku unayojiona mzima.

Kwa hiyo anayetaka chai ya majani, aende kwanza kwa daktari na pakiti yake mkononi aulize ndani mna nini, hasa kama ana presha. Pampu asiitupe. Na usiku ule kifua kinapokataa kabisa, asikae kusubiri sufuria ichemke.