Zaka ya Dhahabu na Moshi wa Zebaki

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hutuuliza zaka ya madini. Huwajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafii: robo ya fungu la kumi, dhahabu ikifika nisabu, yaani kadiri ya gramu 85, bila kungoja mwaka, kwa Imamu Abu Hanifa ni khumsi. Na gharama za kusafisha ni juu ya mwenye mali.

Hapo tulighafilika. Mgodi mkubwa wa Geita ulifungwa 1966, ukafunguliwa tena 2000. Wachimbaji wadogo wao husafisha kwa zebaki. Hushika dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu. Wengine huchomea nyumbani, watoto wapo. Gharama hiyo hulipwa na nani? Soko la madini lililofunguliwa Geita 2019 hupima gramu. Nasi masheikh, tuseme kweli, tulikuwa tukiuliza gramu tu.