Rover: Kutoka Baiskeli ya Coventry hadi Pauni 10

Baiskeli kama tunavyoijua, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Kabla ya hapo mwendeshaji alikaa juu ya gurudumu kubwa la mbele, na akianguka, alitangulia kichwa. John Kemp Starley alimshusha chini karibu na ardhi, na baiskeli yake akaiita Rover. Alifariki mwaka 1901. Miaka mitatu baadaye kampuni aliyoiacha ikatoa gari lake la kwanza, dogo, la nguvu ya farasi 8, lililobuniwa na Edmund Lewis.

Wapo wanaosema Rover iliuawa na migomo ya wafanyakazi. Wengine wanawataja Wajapani. Yote mawili yaliiumiza, sikatai. Lakini ukiifuata historia yake kwa utaratibu, utaona kampuni hii ilistawi kila ilipowaachia mafundi wake waamue, na ikaanza kufa siku uamuzi ulipohamia kwa watu wengine.

Miaka ya 1920 ilikuwa migumu. Rover ilitoa magari ya aina nyingi mno na kupata faida kidogo mno. Mwaka 1929 alikuja Spencer Wilks, akifuatwa na mdogo wake Maurice, mhandisi. Walichagua kutengeneza magari machache zaidi, yenye ubora zaidi. Wateja wao wakawa madaktari, mawakili na mameneja wa benki, watu waliotaka gari imara lisilopiga makelele barabarani.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga kila kitu. Mabomu ya Wajerumani yaliichoma Coventry mnamo Novemba 1940, na baada ya vita Rover ikahamia Solihull, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege. Amani ilileta tatizo jipya: chuma kiligawiwa kwa kibali, na kibali kilimwendea anayeuza nje ya nchi. Magari ya madaktari wa Uingereza yasingeiokoa kampuni.

Maurice Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akajiuliza lingetokea nini kama Rover ingetengeneza gari la namna hiyo kwa mkulima. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama wa trekta. Usukani huo haukudumu, lakini uamuzi mwingine ulidumu kwa miongo kadhaa: bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, kwa sababu aluminiamu ilipatikana na chuma hakikupatikana. Uhaba ukazaa gari lenye bodi isiyoliwa na kutu. Lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 kwa jina la Land Rover, likikusudiwa kuivusha kampuni miaka michache tu. Muda si mrefu likawa linauzwa kuliko magari yote mengine ya Rover, na kufikia 1966 yalikuwa yametengenezwa 500,000.

Afrika Mashariki ililipokea mapema. Maofisa wa kikoloni, polisi, wamishenari na askari wa wanyamapori walilitumia, na baada ya uhuru serikali mpya zikaendelea nalo. Huko Thika, nchini Kenya, likaja kuunganishwa katika kiwanda cha kampuni ya magari ya Leyland. Liliingia palipokuwa na njia ya ng'ombe tu, na fundi wa kijijini aliweza kulifungua kwa spana za kawaida na kulirudisha barabarani.

Fedha ya Land Rover iliwapa wahandisi wa Solihull nafasi ya kuthubutu. Mwaka 1950 walilionesha JET1, gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya tabo ya gesi. Rover 2000 ya mwaka 1963 ilikuwa ya kwanza kabisa kupewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Kisha wakanunua haki za injini nyepesi ya V8 ambayo General Motors ilikuwa imeiacha, nao wakaitumia kwa miongo. Nasema bila kusita kwamba hakuna kampuni ya magari ya ukubwa ule nchini Uingereza iliyokuwa na akili nyingi kiasi kile chini ya paa moja.

Mwaka 1967 Rover ikawa mali ya Leyland, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika British Leyland pamoja na Austin, Morris, Triumph na Jaguar. Gari la michezo ambalo Rover ilikuwa imelijaribu likafutwa. Gari kubwa la kifahari, lililojulikana kiwandani kama P8, likafutwa mwaka 1971 likiwa karibu kuzalishwa. Yote mawili yalionekana tishio kwa Jaguar, ambayo sasa ilikuwa ya bwana yuleyule.

Land Rover nayo ikawa ng'ombe anayekamuliwa bila kulishwa. Faida yake ilikwenda kuziba mashimo ya viwanda vingine, huku wateja wakisubiri gari kwa miezi mingi. Wateja hao hawakungoja milele. Toyota ilikuja na Land Cruiser, yenye injini kubwa na spea zinazopatikana, na katika miaka ya 1970 na 1980 magari ya wizara, ya mashirika ya misaada na ya watalii yakaanza kubadilika mbele ya macho yetu. Land Rover yenye springi za koili, One Ten, ilitoka mwaka 1983, soko likiwa limeshaondoka.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imeitaifisha British Leyland mwaka 1975. Rover SD1, gari zuri kwa umbo, lilitoka mwaka uliofuata na kushinda tuzo ya Ulaya, kisha likajiharibia jina kwa rangi iliyobanduka na nyaya zilizoleta hitilafu. Ushirikiano na Honda ulileta nidhamu na magari ya kuaminika. Lakini mwaka 1994 British Aerospace, iliyokuwa imeuziwa Rover na serikali kwa pauni milioni 150, iliiuza kwa BMW kwa pauni milioni 800, na Honda ikaondoka kwa uchungu.

BMW nayo ilichoka haraka. Mwaka 2000 ilibaki na MINI, Land Rover ikaiuzia Ford, na magari ya Rover pamoja na kiwanda cha Longbridge yakaenda kwa kundi la wafanyabiashara wa Kiingereza kwa pauni 10. Bila Land Rover, bila mshirika mwenye fedha za kubuni gari jipya, walidumu miaka mitano. Mnamo Aprili 2005 kampuni yao, MG Rover, ilifilisika, na wafanyakazi wapatao 6,000 wakapoteza ajira. Mali zake zilinunuliwa na Nanjing Automobile ya China, na mitambo ikasafirishwa kwa meli.

Jina lenyewe lilikuwa bado mikononi mwa BMW. Ford ililinunua mwaka 2006 ili kuilinda Land Rover, na mwaka 2008 likapita kwa Tata ya India pamoja na Jaguar na Land Rover. Hakuna gari jipya lililotoka kwa jina la Rover pekee tangu hapo.