Besi ya Chumba cha Kupanga

Mwaka 1946, katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas, Marekani, mhandisi Paul Klipsch alianzisha biashara ya spika ambayo haikukamilika mpaka ipate kona ya nyumba. Iliitwa Klipschorn. Sauti nzito ilipita ndani ya sanduku kwenye njia iliyokunjwakunjwa kama tarumbeta, na mdomo wa tarumbeta hiyo ulikuwa kuta mbili za chumba chenyewe. Kwa kimo ilimfika mtu mzima kifuani. Mnunuzi alihitaji pesa, na alihitaji pia kona tupu isiyo na mlango wala kabati.

Klipsch alikuwa amekubali jambo ambalo wauza spika wengi hawalisemi hadi leo: anayesikiliza muziki nyumbani anakisikiliza na chumba. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Vyumba vyetu vingi haviufikii urefu huo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja. Mahali pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanauana. Ndiyo maana aliyeegemea ukuta analalamika besi imezidi, wakati aliyesimama katikati ya chumba hichohicho anauliza besi iko wapi.

Kwa muda mrefu dawa ilikuwa moja tu: sanduku kubwa, kwa hiyo nyumba kubwa. Fizikia ilionekana kuwapendelea wenye sebule.

Aliyevuruga upendeleo huo ni Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha New York. Spika za wakati wake zilikuwa na koni iliyoshikiliwa na ukingo mgumu, kazi yake kuirudisha koni mahali pake kila inaposukumwa. Villchur aliulegeza ukingo ule, akaliziba sanduku lisivuje hata kidogo, kisha akaiachia hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Ukitaka kuielewa, ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole halafu sukuma. Hewa inakusukuma nawe. Udogo wa sanduku, uliokuwa kasoro, ukageuka kuwa sehemu ya mashine. Mwaka 1954, yeye na Henry Kloss, mwanafunzi wake wa zamani, walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, na spika yao ya AR-1 ikatoa besi nzito kutoka kwenye boksi ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba. Gharama yake ilikuwa upande wa amplifaya: spika ya aina hii hula umeme mwingi zaidi kwa sauti ileile. Miaka minne baadaye santuri za stirio zikaingia madukani. Kila nyumba sasa ilitaka spika mbili, na nani ana nafasi ya makabati mawili?

Uingereza walifika mbali zaidi kwa kuacha kitu. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi hukaa karibu kugusana na spika. Wakatengeneza LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30 hivi. Besi ya chini kabisa waliiachilia iende; walichokilinda ni sauti ya mtu anayezungumza. Spika ya garini ikapendwa majumbani, hasa na watu wa vyumba vidogo.

Nadhani historia hiyo inatuhusu zaidi sisi wa chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, yaani karibu mita 3 kwa mita 3, kuliko inavyowahusu wenye majumba. Chumba cha mraba ndicho kibaya kuliko vyote. Urefu na upana vyote viwili huamka kwenye mtetemo uleule, kama mara 57 kwa sekunde, na dari ikiwa na kimo hichohicho inaunga mkono. Sasa weka sabufa kubwa kwenye kona. Kona inafanya ilichomfanyia Klipsch: inakuza. Nyimbo zote zinageuka ngoma moja inayovuma, na kwa kuwa sauti nzito hupenya ukuta kirahisi kuliko nyepesi, ngoma hiyo ndiyo peke yake inayomfikia mpangaji wa upande wa pili, mwenye mtoto mchanga au zamu ya usiku. Ugomvi unaofuata huitwa ugomvi wa tabia. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye katoni haitajwi.

Mafundi wana njia rahisi ya kuanzia. Weka sabufa pale unapokaa kusikiliza, hata ikiwa juu ya kiti. Piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka. Kisha tambaa kando ya kuta, sikio likiwa chini, utafute mahali ambapo kila noti inasikika na hakuna inayovimba kuliko mwenzake. Hapo ndipo sabufa ihamie. Katika chumba cha mita 3 zoezi hilo ni la dakika mbili, kitanda kikiruhusu.