Nyumba za Chai za Himalaya: Mwenye Mlango na Mwenye Mzigo

Jioni, katika kijiji cha Dingboche nchini Nepal, mita 4,410 kutoka usawa wa bahari, wageni huketi kulizunguka jiko la chuma lililo katikati ya ukumbi wa chakula. Ndani ya jiko huwaka samadi iliyokaushwa ya yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Mwenye nyumba hupita na birika la chai. Kiongozi wa safari humwuliza kila mgeni kama kichwa kinamwuma, kwa kuwa hiyo ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa mwinuko. Kesho hawatahama, watakaa hapa siku nzima ili miili yao izoee hewa haba. Vyumba ni vya kuta za mbao, vitanda viwili na blanketi zito. Hiyo ndiyo nyumba ya chai, kituo cha kila jioni kwa anayepanda kwa miguu kuelekea chini ya Mlima Everest.

Mgeni huondoka akiamini kwamba amelala ndani ya desturi ya kale. Kwa sehemu ni kweli. Magharibi zaidi, katika bonde la mto Kali Gandaki, jamii ya Wathakali ilikuwa na nyumba za wasafiri ziitwazo bhatti, zilizowapokea wafanyabiashara wa chumvi na nafaka muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza. Lakini katika Khumbu, nchi ya Washerpa, nyumba ya chai tunayoiona leo ni zao la siasa za karne ya 20. Anayetaka kuielewa aulize maswali mawili: nani anamiliki mlango, na nani anabeba mzigo?

Washerpa walihamia Khumbu kutoka mashariki mwa Tibet yapata miaka 500 iliyopita. Jina lao lenyewe lina maana ya watu wa mashariki. Waliishi kwa shayiri, mifugo na, tangu karne ya 19, viazi. Juu ya yote waliishi kwa biashara. Misafara yao ilivuka Nangpa La, njia ya barafu iliyo juu ya mita 5,700, ikipeleka nafaka na bidhaa nyingine za kusini na kurudi na chumvi na sufu. Msafiri wa zama hizo alilala kwa ndugu au kwa mshirika wake wa biashara. Ukarimu ulikuwa sehemu ya mkataba.

Wakati huohuo, vijana wengi wa Kisherpa walikwenda kutafuta kazi Darjeeling, mji wa milimani chini ya utawala wa Waingereza nchini India. Huko ndiko misafara ya kwanza ya Everest, kuanzia mwaka 1921, ilikoajiri wapagazi. Mwaka 1922 maporomoko ya theluji yaliwaua wapagazi saba katika jaribio la Waingereza la kufika kileleni. Hakuna Mwingereza aliyekufa katika ajali hiyo. Hata mwaka 1953, mwaka ambao Tenzing Norgay na Edmund Hillary walisimama kileleni tarehe 29 Mei, Washerpa wa msafara huo walipofika Kathmandu walilazwa katika gereji ya ubalozi wa Uingereza, isiyo na choo. Asubuhi walijisaidia haja ndogo mbele ya gereji hiyo. Watu ambao bila wao mlima usingepandwa hawakuwa na chumba cha kulala, na walisema hivyo kwa lugha ambayo hakuna balozi angeshindwa kuielewa.

Mabadiliko makubwa yalitoka katika siasa. Mwaka 1951 utawala wa ukoo wa Rana, uliokuwa umeifunga Nepal kwa zaidi ya miaka 100, uliporomoka, na nchi ikafunguka kwa wageni. Kaskazini mambo yalikwenda kinyume: China iliitwaa Tibet, na baada ya maasi ya Lhasa ya mwaka 1959 biashara ya Nangpa La ilibanwa vikali. Khumbu ilipoteza uti wa mgongo wa uchumi wake katika muda wa miaka michache. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1964, Jimmy Roberts, afisa mstaafu wa jeshi, alianzisha kampuni ya kwanza ya safari za miguu nchini Nepal, na uwanja mdogo wa ndege ukajengwa Lukla kwa juhudi za Hillary na nguvu kazi ya Washerpa. Safari ya kutoka Kathmandu, iliyochukua zaidi ya majuma mawili kwa miguu, ikawa ya chini ya saa moja angani.

Watalii wa mwanzo walilala kwenye mahema, na fedha zao nyingi zilibaki kwa makampuni ya mjini. Washerpa waliona pengo. Familia moja baada ya nyingine ilimfungulia mgeni mlango wa nyumba yake, kisha ikaongeza vyumba, kisha ikajenga jengo zima. Mara nyingi mwanamke ndiye aliyeendesha biashara hiyo wakati mume yuko njiani na wageni. Watoto waliosoma katika shule ya Khumjung, iliyofunguliwa mwaka 1961, walipata lugha na hesabu za kuzungumza na makampuni. Hivyo watu waliojulikana duniani kama wabebaji wakawa wenye nyumba.

Simulizi nyingi huishia hapo, kwa shangwe. Lakini mzigo haukutoweka. Ulihamia migongo mingine. Gesi, mchele, bia na mabati ya nyumba za chai hupandishwa na wanyama, na pia na wapagazi wa jamii za mabonde ya chini, kama Warai na Watamang, kwa tenga la mgongoni na ukanda unaopita juu ya paji la uso. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapima wapagazi katika njia ya Namche: wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao, wanawake asilimia 66. Watu hawa hawakuzaliwa kwenye mwinuko huo, nao huugua kama mgeni anavyougua. Kifo cha mpagazi kijana mwaka 1997 ndicho kilichozaa shirika la kimataifa la kuwatetea. Kwa miaka mingi waliobeba vitanda walilala pangoni au kwenye sakafu ya ukumbi wageni wakishakwenda kulala.

Wala umiliki haukumaliza hatari kwa Washerpa wenyewe. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka kwenye njia ya Everest na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal. Serikali, inayokusanya ada kubwa za vibali, ilitoa kwanza rupia 40,000 kwa kila familia, takriban dola 400. Wafanyakazi waligoma, na msimu ukavunjika. Tena mwaka 2023, Kathmandu ilipoagiza kila mtalii wa safari za miguu awe na kiongozi, serikali ya mtaa ya Khumbu ilikataa kuitekeleza amri hiyo katika eneo lake. Waliojenga nyumba zao wenyewe walikuwa na pa kusimama wakisema hapana.

Linganisha na Kilimanjaro. Ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1973 hakuna vijiji. Mgeni hulala kwenye hema au kibanda cha hifadhi. Mpagazi wetu huuza mgongo wake tu, kwa sababu hana mlango wa kuufungua.

Kwa hiyo, tunapojadili utalii unaowanufaisha wananchi, tusihesabu ajira peke yake. Ajira waliipata hata wale saba wa mwaka 1922. Historia ya Khumbu inaonyesha kwamba heshima ilianza pale mbebaji alipokuwa mwenyeji, na inaonyesha pia kwamba mwenyeji huyo naye anaweza kumsahau aliyesimama nje, kwenye baridi, akisubiri kutua tenga lake.