Mchele wenye haukupita mpaka



Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, kule Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri kijana moja wa Goma: Floribert Bwana Chui. Siku mbili mbele ya ile misa angetimiza miaka 44. Lakini alikufa akiwa na 26. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa na diplome kama sisi, kazi ofisini na muhuri mkononi.

Ile siku wengi wetu tulishea picha yake. Mimi pia niliishea, lakini nilikuwa na haya. Leo nataka kueleza kwa nini. Nitapitia kwanza historia, juu watu wengi wanaanzia habari ya Floribert kwenye mpaka, na mimi naona inaanzia mbali zaidi, kwenye shule.

Turudi 1968. Mwaka ule wanafunzi wa Ulaya walikuwa barabarani, wanapiga kelele, wanataka kugeuza dunia. Kule Roma, mwanafunzi moja wa sekondari, Andrea Riccardi, mwenye miaka 18, alianza kukusanya wenzake kusoma Injili. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa umeisha miaka michache tu mbele yake, mwaka 1965, na hewa mpya ilikuwa inaingia kanisani. Wale vijana hawakubakia kwenye kusoma tu. Walienda pembeni ya muji, kwenye vibanda vya watu masikini wenye walitoka vijijini kutafuta maisha, wakaanza kufundisha watoto wao mangaribi, bila kulipwa. Kisha wakapata kanisa ndogo katika mtaa wa Trastevere, kanisa la Sant'Egidio, na jina la jumuiya likatoka pale. Hiyo jumuiya njo ilisimamia mazungumzo yenye kumaliza vita ya Msumbiji, kwa mapatano yenye yalitiwa sahihi Roma tarehe 4 mwezi wa kumi 1992. Muone namna kitu kinakua: kutoka kwa mwanafunzi mwenye kufundisha mtoto wa jirani kuhesabu, mpaka kwenye meza ya amani ya taifa nzima.

Hiyo jumuiya ilifika pia kwetu. Floribert, mwenye alizaliwa Goma mwaka 1981, aliijua wakati wa masomo yake ya sheria pale Goma. Mujue Goma ya ile miaka. Vita moja haijaisha, ingine inaanza. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya muji. Barabarani watoto walikuwa wengi, wale wenye tunaita maibobo. Wengi wetu tukiwaona tunashika simu na mufuko vizuri. Floribert alienda kwao. Alisaidia katika Shule ya Amani, alikula nao, aliwatafutia namna ya kurudi kwenye masomo. Hakungoja amalize iniversite ndipo aanze kuwa mtu wa maana kwa wengine.

Kisha akapata kazi. Katika OCC, ofisi ya Kongo ya kukagua bidhaa, alipewa mambo ya vitu vyenye kuharibika vyenye vinapita mpaka. Kila mwenye amefika Goma anajua pale mahali: malori, mifuko, mama wenye kubeba ndizi na unga, na watu wenye haraka. Mwaka 2007 kulikuja mchele wenye kuoza. Wenyewe walitaka upite. Walimpa franga, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Alienda hata kuulizia kwa mtawa moja daktari: mtu akila kitu kama hiki, atapata nini? Hili swali njo linanishika sana. Hakuuliza nitapata ngapi, wala nani atanilinda. Aliuliza juu ya tumbo la mtu mwenye hamjue.

Tarehe 7 mwezi wa saba 2007 walimteka. Siku mbili kisha wakaokota maiti yake, ikiwa na alama za mateso.

Tarehe 2 mwezi wa pili 2023, Papa Fransisko alitaja jina lake mbele ya vijana wenye walijaza uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Na misa ya kumtangaza, miaka miwili kisha, ilifanyika Roma, wakati Goma yenyewe ilikuwa katika vita.

Sasa, wanafunzi wa inchi hii wako na historia ndefu ya kusema hapana. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walitoka kuandamana Kinshasa, askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwaka 1971, juu ya kukumbuka wale wafu, wenzao waliingizwa kwa nguvu katika jeshi. Tunapaswa kuheshimu wale wakubwa wetu. Lakini hapana ya Floribert ilikuwa ya namna ingine. Wale walisema hapana wakiwa wengi, wakishikana mikono, wakiimba. Yeye alikuwa peke yake ofisini, mlango umefungwa, na karatasi mbele yake. Hakuna wimbo pale, hakuna mwenye anakuona.

Pale peke yake, mimi najua namna panakuwa. Nitawaambia.

Nilipomaliza lisanse yangu ya kilimo, nilikaa karibu miaka miwili bila kazi. Kisha nikapata kontra ya miezi tatu katika mradi moja, sitautaja. Kazi yangu ilikuwa kupima mbegu ya maharagi mbele ya kugawia walimaji. Wenye mulisoma kilimo munajua: unachukua mbegu 100, unazipanga katika mchanga wenye maji, unangojea siku nane, unahesabu zenye zimeota. Nilihesabu 58. Nikarudilia kwa mifuko mingine, nikapata karibu vile vile. Nikaandika katika daftari yangu, nikaenda kwa shefu.

Shefu hakukasirika. Alicheka kidogo, akaniambia: «Agronomu, andika 90. Watu wanangojea mbegu, mvua imefika. Nani atakuja kuhesabu?»

Niliandika 90. Nikatia sahihi.

Munajua rushwa katika inchi yetu wanaiita madesu ya bana, maharagi ya watoto. Mimi sikupokea hata franga moja. Lakini kontra yangu iliongezwa miezi tatu. Hiyo njo ilikuwa madesu yangu. Na maharagi ya watoto wengine, watoto wa kweli, yalibakia ndani ya udongo. Nilipita kule msimu ule ule. Mama moja alinionyesha shamba yake: mistari yenye mapengo, kama kinywa cha mzee. Alifikiri ni kosa yake. Aliniuliza: «Baba agronomu, nilipanda chini sana?» Sikumujibu kweli. Nilimwambia mvua ilikuwa mingi.

Wapendwa, mimi nilikuwa mtu wa sala. Wenye tulisoma pamoja wanajua. Nilikuwa katika kwaya, nilikuwa katika kikundi cha maombi cha kampusi, nilikesha mikesha mingi. Mwaka wa mwisho tulifunga siku tatu, tuliombea kazi. Na kazi nilipata. Lakini katika miaka mitano ya maombi, sikumbuki hata mara moja tuliombea ile siku ya kisha: siku yenye mtu ataweka karatasi mbele yako na kukuambia andika 90. Tuliomba mlango ufunguke. Hatukujitayarisha kwa yenye iko ndani ya nyumba.

Sisemi kufunga na kuomba ni bure. Floribert pia alikuwa mtu wa sala. Lakini naona sala yake ilikuwa na sura za watu. Kwa miaka alikaa na watoto wenye kula chakula cha kuokota. Mchele ulipofika mpaka, kwake haukuwa tani wala fishi ya kujaza. Alijua utaishia katika sahani ya nani. Wale watoto walimfundisha mbele muhuri haujafika mkononi mwake. Mimi nilifika kwenye sahihi yangu bila kujua mulimaji hata moja kwa jina. Ile mama nilimjua kisha, wakati maharagi ilikuwa imeoza.

Kwa hiyo niko na ombi kwa wadogo wetu wenye wako kampusi sasa, na kwa sisi wenyewe wenye kungoja kazi. Vikundi vyetu vya sala viendelee. Lakini kila kikundi kikuwe na watu wake wenye kinaenda kuona kila wiki: watoto wa barabarani, wazee, wafungwa, wakimbizi, wenye wako karibu. Na tuzungumze wazi, tukiwa pamoja, juu ya karatasi zenye tutapewa. Mwanasheria aseme zenye kumpata, daktari aseme, mwalimu aseme juu ya points zenye kuuzwa. Mtu akizoea kusema mambo haya mbele ya ndugu zake, siku ile ofisini hatakuwa peke yake kabisa.

Mwezi ujao naanza kazi mpya, tena ya kuhesabu. Daftari ya kwanza bado niko nayo, na ndani mumeandikwa 58. Munikumbuke katika sala. Lakini mukikutana na mimi njiani, musiniulize tu kama kazi inaenda. Muniulize: umehesabu ngapi, na umeandika ngapi?