Ufalme Uliotafsiriwa: Kiswahili, Kiganda na Umisionari kutoka Mengo hadi Mboga, 1877–1933

Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili nchini Uganda huanzia mara nyingi katika kambi ya jeshi au sokoni. Kutokana na mwanzo huo, lugha hii hutajwa kuwa ya askari, ya wachuuzi, na isiyo na mizizi katika maisha ya kiroho ya wananchi. Makala hii inaanzia kanisani. Inahoji kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mwanzo ya Maandiko ya Kikristo katika ikulu ya Buganda. Kwamba kiliachwa kwa uamuzi wenye sababu. Na kwamba uzito wa sababu hizo unaweza kupimwa kwa kufuata safari ya neno moja ambalo kila mwalimu wa dini alilibeba, yaani ufalme.

Kiswahili katika ikulu ya Mutesa

Henry Morton Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi Aprili 1875, hakuwa peke yake katika kueleza Biblia. Alikuwa na Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu huko Zanzibar, ambaye alibaki ikuluni baada ya Stanley kuondoka. Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society waliwasili tarehe 30 Juni 1877. Alexander Mackay akafuata mwezi Novemba 1878, na Mapadri Weupe mwezi Februari 1879. Mackay alimsomea Mutesa Maandiko kwa Kiswahili, akitumia tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar.

Hilo liliwezekana kwa sababu walimu Waislamu kutoka pwani walikwisha kuandaa uwanja. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kuzungumzia Mungu, kitabu na hukumu ya mwisho. Athari yake imebaki ndani ya Kiganda hadi leo: ekitabo, eddiini, ekkanisa, omusaalaba, malayika. Hata waumini wapya walipoitwa abasomi, yaani wasomaji, jina hilo lilishirikiana na Kiswahili kitenzi kilekile cha kusoma.

Mitazamo miwili

Mackay alitumaini kwamba siku moja lugha moja ingeunganisha watu wa Afrika ya Kati, na lugha hiyo iwe Kiswahili. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Mengo mwezi Desemba 1890, miezi kumi hivi baada ya Mackay kufariki Usambiro, alipinga matumaini hayo. Kwa maoni yake, Kiswahili kilikuwa karibu mno na Uislamu kiasi cha kutofaa kuwa chombo cha Kanisa. Pingamizi hilo ni la kihistoria, na leo halina uzito; Biblia kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891.

Ilikuwapo, hata hivyo, sababu nyingine iliyo nzito zaidi. George Pilkington, akisaidiwa na Henry Wright Duta Kitakule, alikamilisha Biblia ya Kiganda iliyotoka mwaka 1896. Baada ya uamsho wa Desemba 1893 huko Mengo, walimu wengi wa Kiganda walitawanyika nje ya mipaka ya Buganda wakiamini kwamba Habari Njema sharti ihubiriwe kwa mataifa yote kabla ya mwisho. Imani yenye haraka kama hiyo haikuweza kusubiri watu wajifunze kwanza lugha ya pwani. Tafsiri ya lugha ya nyumbani ilitembea haraka kuliko sera yoyote ya lugha.

Neno lenye kiti cha enzi

Inafaa kutambua kwamba Kiganda, kilichokopa neno la kitabu na la kanisa, hakikukopa neno la ufalme. Hakikuwa na haja ya kulikopa. Obwakabaka lilikuwa jina la utawala ulio hai, wenye mipaka, kodi na Kabaka aketiye ikuluni. Tafsiri za awali zilichapwa kwa mashine ya Mackay huko Natete, mwendo mfupi tu kutoka ikuluni. Kijana aliyeomba kwa Kiganda kwamba ufalme wa Mungu uje alitumia neno lilelile lililotaja mamlaka ya bwana wake.

Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliamuru kuuawa kwa Wakristo. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kama mashahidi, na wengi wao walikufa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sababu zilikuwa nyingi: hofu ya uvamizi wa Wazungu, ushindani wa makundi ikuluni na ukaidi wa vijana waliomtumikia Kabaka. Haitoshi kuyaeleza mauaji hayo kwa neno moja. Hata hivyo, mwanahistoria anayepuuza neno hilo hawezi kueleza kikamilifu kwa nini sala ilionekana kuwa uasi.

Mboga: neno lavuka mpaka

Suala hilohilo lilijitokeza tena magharibi. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewahi kuwa askari, alibatizwa mwaka 1895 na kufika Mboga mwaka 1896, ng'ambo ya mto Semliki. Jina lake la utani, lenye maana ya kitu kitokacho Ulaya, lenyewe limebeba neno la Kiswahili. Huko alimkuta mtawala Tabaro, aliyeitwa Omukama. Na katika lugha ya Kitoro ufalme ni obukama. Mwalimu aliyetangaza obukama wa Mungu alikuwa anagusa, kwa mara nyingine, cheo cha mtu aliye hai. Kivebulaya alishtakiwa, akafungwa Fort Portal, akaachiliwa, akarudi. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Makubaliano ya mipaka ya mwaka 1910 yaliiweka Mboga upande wa Kongo. Kivebulaya aliendelea na kazi, akaingia msituni kwa Wambuti, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao kazi yake ilikuwa haijaumaliza.

Matokeo ya kazi hiyo kwa upande wa lugha hayakutarajiwa. Kanisa Anglikana la Kongo, linaloihesabu Boga kuwa chimbuko lake, lilianza kwa lugha zilizotoka Uganda. Lilipoenea kwa makabila mengine likahamia kwa kiasi kikubwa kwenye Kiswahili. Katika Kiswahili, neno ufalme halikuwa mali ya Kabaka wala ya Omukama. Lilipoteza ukaribu, likapata nafasi ya kuwakusanya watu wasio na kiti kimoja cha enzi.

Hitimisho: funzo kwa sera

Historia ya baadaye inajulikana. Pendekezo la Gavana William Gowers la mwaka 1927 la kupanua matumizi ya Kiswahili lilipingwa na Kabaka Daudi Chwa pamoja na viongozi wa makanisa. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 liliipa lugha hadhi bila kuipa walimu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, hoja kwamba Kiswahili ni kigeni kwa imani ya Waganda haina msingi. Msamiati wao wa dini unashuhudia kinyume. Pili, Kiganda kilishinda mwaka 1896 kwa sababu kilikuwa na kitabu mkononi na mwalimu aliyekubali kukaa mbali na kwao. Agizo la serikali lisilo na vyote viwili halitafanikiwa. Tatu, nguvu ya Kiswahili ni kutomilikiwa na kiti chochote cha enzi, na udhaifu wake ni huohuo. Sera yenye busara itakiweka Kiswahili kando ya lugha za nyumbani, si juu yake, na itayashirikisha makanisa na misikiti, ambako Waganda walianza kuwa wasomaji.